Uzi kwa wahandisi wanaotaka kusimamia ujenzi mzito wa viwanda: ratiba ianze siku ya kuwasha mitambo

#1 Mleta uzi (Arusha)

Wakuu, habari za jioni.

Humu tumezoea kujadili maghorofa, barabara na madaraja. Ujenzi mzito wa viwanda, yaani kazi za boila (mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke), turbini (mashine yenye mapanga yanayozungushwa na mvuke), matangi makubwa, vinu na mabomba ya shinikizo, unatajwa mara chache, na vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hiyo hawapati mtu wa kuwaeleza inavyokwenda. Nimeifanya kwa miaka mingi hapa Arusha na upande wa Moshi, kwanza kama mhandisi wa saiti na baadaye kama meneja wa mradi. Hoja yangu ni moja: mradi wa kiwanda upangwe kuanzia siku ya kuwasha mitambo na kurudi nyuma hadi kwenye msingi. Meneja asiyeanza hivyo anaweza kumaliza majengo yote na bado akawa hana kiwanda.

Tuchukue boila inayochoma makapi ya miwa na kulisha turbini ya kuzalisha umeme. Kabla turbini haijapokea mvuke, bomba kuu husafishwa kwa kupulizwa mvuke wa nguvu ili magamba ya chuma, chembe za uchomeleaji na mchanga vitoke nje, kwa sababu punje moja ikigonga mapanga yanayozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, hasara yake ni kubwa mno. Usafi huo unathibitishwa kwa kibao cha chuma kilichong'arishwa, ambacho hufungwa mbele ya mvuke unaotoka. Kikishatolewa, huinamishwa kwenye mwanga na alama za kugongwa na chembe zikahesabiwa moja moja, na bomba hupulizwa tena na tena mpaka alama zishuke hadi kiwango alichoweka mtengenezaji wa turbini.

Kabla ya kupuliza, matofali na saruji vinavyostahimili moto ndani ya tanuru hukaushwa kwa moto mdogo kwa siku kadhaa, joto likipandishwa hatua kwa hatua, kwa kuwa maji yaliyonaswa ndani yakigeuka mvuke ghafla hupasua ukuta. Kabla ya moto huo, boila hujazwa maji na kupandishwa shinikizo, ambalo katika kanuni nyingi za boila za mvuke ni mara moja na nusu ya shinikizo la juu linaloruhusiwa kazini, mkaguzi akiwa amesimama pale pale akitazama kila kiungo. Maji hayo lazima yawe yamesafishwa, kwa hiyo mtambo wa kusafisha maji uwe unafanya kazi. Mtambo huo unahitaji umeme, na umeme unahitaji chumba cha swichi kilichoezekwa, kilichopakwa rangi na kufungwa milango.

Meneja anayepanga kwa maeneo atakwambia jengo la boila limefika asilimia 90 na chumba cha swichi asilimia 40, kisha atapeleka picha za boila kwenye ripoti ya mwezi. Anayepanga kwa mifumo anajua kuwa mradi mzima umesimama kwenye kile chumba kidogo ambacho hakuna mgeni anayekipiga picha. Atawahamisha mafundi wa rangi na wa milango huko wiki hiyo hiyo, hata kama mkandarasi atalalamika kwamba anavurugiwa utaratibu wake.

Kwa upande wa Moshi jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya sukari. Kiwanda kama TPC kule Arusha Chini husimama wakati wa masika, kwani mashamba yakilowa magari ya miwa hayapiti, na kipindi hicho ndicho mitambo inapoweza kufunguliwa, kukatwa na kubadilishwa. Maana yake ni kwamba kazi kubwa katika tasnia hiyo hufanyika katika miezi ambayo mjenzi yeyote angependa kuikwepa. Tarehe ya mwisho nayo haijadiliwi, kwa kuwa muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari na unatakiwa kufika kwenye vinu ndani ya siku moja au mbili. Mkulima, dereva, kibarua wa shamba na benki iliyokopesha, wote wanaisubiri tarehe ile ile.

Kwa hiyo mvua lazima iandikwe kwenye ratiba tangu mwanzo, kwa vitendo. Vijiti vya kuchomelea vya aina ya 7018 vikishafunguliwa vinatakiwa kukaa kwenye oveni yenye joto, na fundi apewe kiasi cha kutosha kwa saa chache tu ndani ya kibebeo chenye joto, kwa sababu vikinyonya unyevu huingiza hidrojeni kwenye chuma, na nyufa zake zinaweza kujitokeza siku moja au mbili baada ya kiungo kuonekana kizuri kabisa. Ni lazima kuwe na vibanda vya turubai juu ya kila sehemu inayochomelewa, na mtu mwenye jukumu la kuvihamisha. Sehemu ya kusimamisha kreni nayo iandaliwe kwa kifusi kilichoshindiliwa kabla mvua haijaanza, maana udongo mweusi wa tambarare ukilowa huvimba na kulegea. Jedwali la uwezo wa kreni linadhani kuwa kreni imesimama kwenye ardhi ngumu na tambarare. Mguu mmoja ukizama, umbali wa mzigo kutoka katikati ya kreni unaongezeka, na uwezo uliosomwa kwenye jedwali asubuhi haupo tena.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau wanaponunua mitambo. Mota na swichi nyingi za umeme hutengenezwa kwa viwango vinavyodhani kuwa zitafungwa mahali pasipozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Moshi uko chini ya hapo, lakini Arusha mjini ni takriban mita 1,400, ambako hewa ni nyepesi, mota inapoa kwa shida zaidi na jenereta ya dizeli inatoa nguvu pungufu. Mota iliyofanya kazi vizuri Moshi inaweza kuwa ndogo kwa mzigo ule ule ikipelekwa Arusha. Mwinuko wa saiti uandikwe kwenye hati ya manunuzi tangu ukurasa wa kwanza, ili muuzaji asiweze kusema hakuambiwa.

Nitaendelea na usafirishaji. Maswali yanakaribishwa.

#2 Mchangiaji (Majengo, Moshi)

Nakushukuru kijana wangu kwa uzi huu. Mimi ni fita mstaafu, nimefunga mitambo tangu enzi za viwanda vya umma, na nakubaliana nawe kuhusu kuhesabu kutoka mwisho. Ila naomba usiwasahau watu wa msingi. Sisi mafita tumeteseka sana na boliti za nanga, zile zinazopandwa kwenye zege la msingi ili kushika nguzo au mtambo. Unaletewa nguzo ya chuma ya tani kadhaa, kreni imekodiwa kwa saa, unaishusha, na boliti moja imekaa pembeni kwa upana wa kidole. Watu wa zege wamekwisha kuondoka na kulipwa. Meneja anakuja na kukwambia, "Tafuteni namna." Namna gani? Wengine huchoma boliti kwa moto na kuipinda, wengine hupanua kwa gesi tundu la sahani ya chini ya nguzo, na mtambo unasimama juu ya vitu hivyo miaka yote. Nieleze, nyinyi wasimamizi wa leo mmelitatuaje hili?

#3 Mleta uzi (Arusha)

Shikamoo mzee wangu. Umegusa mahali ambapo miradi mingi hupotea, yaani pale mkandarasi mmoja anapomwachia mwenzake kazi. Mtu wa zege anapima mafanikio yake kwa nguvu ya vipande vya zege vinavyovunjwa maabara siku ya 7 na ya 28, na vikifaulu ana haki ya kusema amemaliza. Fita anahitaji milimita. Kati yao hakuna mwenye makosa kwa mujibu wa mkataba wake mwenyewe, na kwa hiyo kosa ni la aliyewaandikia mikataba miwili isiyokutana.

Katika kiwanda kimoja hapa Arusha ambako niliitwa kazi ikiwa imekwishaanza, mwenye mradi alikuwa amegawa kazi hivyo hivyo, na safu nzima ya misingi ya mapampu ilikabidhiwa kwa barua tu, bila karatasi ya vipimo. Tulisimamisha ufungaji, tukapima kila boliti, na zilizokuwa nje ya kiwango tulizikata na kuzipanda upya kwa kuchoronga zege na kutumia gundi maalumu, kila moja ikijaribiwa kwa kuvutwa. Gharama yake ilikuwa kubwa kuliko ya mpima ardhi ambaye angekaa saiti muda wote.

Utaratibu ninaousisitiza sasa unawekwa kwenye mikataba yote miwili. Boliti zifungwe kwenye sahani ya chuma iliyotobolewa kutokana na mchoro wa mtengenezaji wa mtambo, na sahani hiyo isiondolewe mpaka zege liwe limeshika. Mpima ardhi apime kabla ya kumwaga zege na apime tena baada ya kumwaga. Karatasi ya vipimo isainiwe na watu wawili, aliyejenga msingi na atakayeweka mtambo juu yake, na bila saini ya huyo wa pili malipo ya msingi yasitoke. Hicho kipengele cha malipo ndicho kinachofanya kazi, mzee. Ukikiondoa, karatasi inasainiwa na karani.

Na kwa eneo letu kuna sababu ya ziada ya kutovumilia boliti iliyopindwa. Tuko kwenye Bonde la Ufa. Wanaokumbuka Julai 2007, wakati matetemeko ya upande wa milima ya Gelai na Oldoinyo Lengai yalipotikisa hadi Arusha mjini, wanajua kuwa nguvu za mlalo, zinazosukuma mtambo kwa ubavu, si za kwenye vitabu tu.

Sasa usafirishaji, kama nilivyoahidi. Mzigo wa kawaida barabarani, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, haupaswi kuzidi tani 56 kwa gari na mzigo wake. Ngoma ya boila, yaani pipa lake kubwa la chuma la maji na mvuke, au transfoma kubwa haingii humo, na inahitaji kibali maalumu cha TANROADS, wakala wa barabara nchini, gari lenye ekseli nyingi na magari ya kusindikiza. Meneja asiiachie kampuni ya usafirishaji pekee kazi hiyo. Atume mtu apite njia yote kabla meli haijaondoka ng'ambo, akiwa na vipimo vya mzigo mkononi: urefu kutoka ardhini hadi kwenye nyaya zinazokatiza barabara, kona za mijini, mizani, na mteremko wa Kikafu kati ya Moshi na Bomang'ombe, ambao dereva wa gari refu huuheshimu. Bandari ya Tanga iko karibu nasi zaidi kuliko Dar es Salaam na inafaa kuangaliwa mapema. Reli ya kaskazini nayo, ambayo treni za abiria zilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, inafaa kwa saruji, nondo na mabomba, ingawa kwa vitu vipana ni lazima kwanza kupima madaraja yake na vizingiti vya njiani.

Mara nyingi jibu sahihi ni kubadilisha mtambo wenyewe: kumwomba mtengenezaji alete tangi vipande viwili na kulichomelea saiti. Uamuzi huo hufanyika wakati wa usanifu. Kifaa kikishatengenezwa kizima, kilichobaki ni kubomoa geti la kiwanda na kuomba radhi kwa majirani.

#4 Mchangiaji (Njiro, Arusha)

Asante sana mkuu. Mimi ni mhandisi mitambo, nimehitimu hivi karibuni, na ni mwanamke pekee kwenye timu yetu ya saiti. Nina maswali mawili. Kwanza, je, niharakishe kufanya mtihani wa kimataifa wa usimamizi wa miradi? Pili, ninawezaje kusimamia mafundi ambao ni sawa na baba zangu kwa umri, bila kuwavunjia heshima na bila wao kunipuuza?

#5 Mleta uzi (Arusha)

Dada, cheti cha kimataifa kina faida yake na kitakusaidia kwenye maombi ya kazi, lakini kisitangulie usajili wako wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ingia kwenye mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu chini ya mhandisi mtaalamu, na omba kwa maandishi uzungushwe: miezi ya michoro, miezi ya ufungaji, miezi ya majaribio na kuwasha. Hiyo ya mwisho usiikose kwa gharama yoyote. Wahandisi wengi huhamishiwa mradi mwingine kabla ya kuwasha, na hivyo hufikia cheo cha meneja bila kuona kiwanda kikipokea mvuke kwa mara ya kwanza.

Kuhusu wazee, amkia kwanza, kisha uliza swali la kazi ambalo jibu lake unalihitaji kweli. Fundi aliyefunga flanji (viungo vya mabomba vya kufungwa kwa boliti) miaka thelathini ataitambua gaskiti (kizibo cha katikati ya kiungo) iliyokaa vibaya kabla ya kipimo kuonesha. Mwombe akuoneshe, umwite "mzee" mbele ya vijana wake, na ukishaelewa uandike kwenye taarifa yako kwamba ushauri ulitoka kwake. Lakini pale penye kibali cha kuanza kazi ya hatari usilegeze hata kidogo, na hapo heshima haipungui kwa kukataa. Mtu yeyote anayeingia ndani ya tangi au ngoma ya boila asiingie kabla hewa haijapimwa, na oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5 asiingie kabisa, hata kama anasema aliingia jana. Hewa ya jana haikuwa na gesi ya kuchomelea iliyovuja usiku. Anayefanya kazi kwenye mtambo unaozunguka aweke kufuli lake mwenyewe kwenye swichi na ufunguo akae nao mfukoni. Kufuli la formeni kwa niaba ya kundi zima halitoshi, kwa sababu formeni akiitwa ofisini atamwachia mtu ufunguo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakupa nguvu, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanaweza kufika saiti wakati wowote. Ila kinachomfanya mzee akusikilize ni kuona kwamba unasimama kwenye mdomo wa tangi yeye akiwa ndani, na huondoki kwenda kunywa chai mpaka atoke. Naomba sana uishike tabia hiyo. Nimewahi kuhudhuria msiba wa fundi aliyeingia peke yake, katika saiti ambayo haikuwa yangu, na familia yake iliuliza swali moja tu: nani alikuwa naye? Hakuna aliyejibu.

#6 Mchangiaji (Unga Limited, Arusha)

Mkuu, mimi ni mkandarasi mdogo wa kazi za chuma. Kilio chetu ni malipo. Kazi inabadilishwa kwa maneno, tunaifanya kwa uaminifu, na mwisho wa mradi tunaambiwa haikuwamo kwenye mkataba. Meneja wa mradi anatuona kama wasumbufu.

#7 Mleta uzi (Arusha)

Ndugu yangu, kilio chako ni cha haki, na meneja anayekuchukulia kama msumbufu anaharibu mradi wake mwenyewe, kwa sababu mkandarasi mdogo aliyekosa fedha huondoa mafundi wake bora kwanza na kubaki na wanafunzi.

Mikataba mikubwa ya viwanda nchini mingi hufuata FIDIC, yaani masharti ya mikataba ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, au maneno yanayofanana nayo, ambapo anayedai nyongeza ya muda au fedha anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio lenyewe. Siku hizo zikipita, dai linaweza kufa hata kama ni la kweli kabisa. Mkataba wako mdogo unaweza kuwa na muda mfupi zaidi, kwa kuwa aliye juu yako anahitaji nafasi ya kuandika dai lake. Usome leo. Mhandisi akikwambia kwa mdomo uhamishe bomba, mjibu siku hiyo hiyo kwa barua pepe fupi: nimepokea maelekezo yako ya kuhamisha bomba fulani, mchoro namba fulani, naanza kesho, gharama nitaleta tarehe fulani. Hakuna ugomvi ndani ya barua hiyo. Piga picha kabla ya kazi na baada yake, na rejesta ya siku isainiwe na upande wa pili kila jioni.

Kwa mameneja wanaosoma hapa: lipeni kazi iliyopimwa kwa hatua zinazoonekana. Bomba likisimamishwa ni sehemu, likichomelewa ni sehemu, likipita picha ya eksirei ni sehemu, likijaribiwa kwa maji na karatasi ikakamilika ndiyo sehemu ya mwisho. Mkilipa kwa mita za bomba tu, mtapata mita nyingi za bomba kubwa lililonyooka na hakuna kona ndogo hata moja iliyokamilika, ilhali mfumo hauwezi kujaribiwa bila kona hizo.

#8 Mchangiaji (Njiro, Arusha)

Nashukuru kwa majibu. Swali la mwisho: mwezi ujao naanza kwenye mradi wa mtambo wa kusafisha maji kwa ajili ya boila ya kiwanda hapa Arusha. Siku ya kwanza nifanye nini hasa?

#9 Mleta uzi (Arusha)

Kwanza uliza kama maji ya kisima yamepimwa maabara, na lini. Maji ya kwetu yana floridi nyingi, na maji ya ardhi ya volkano mara nyingi hubeba silika, ambayo katika boila za shinikizo kubwa husafiri pamoja na mvuke na kuganda kwenye mapanga ya turbini. Kama mtambo umeagizwa kwa kutumia vipimo vya mahali pengine, au vya msimu mmoja tu, andika taarifa siku hiyo hiyo, kabla vichujio havijapakiwa kwenye meli.

Kisha chukua mchoro unaoonesha mabomba yote na vifaa vyake vya kupimia, uuchapishe kwenye karatasi kubwa, na uupake rangi kwa kalamu: mfumo mmoja rangi moja, kutoka pampu ya kisima hadi tangi la maji ya boila. Kila mahali rangi mbili zinapokutana kuna valvu, na valvu hiyo ndiyo mpaka wa jaribio. Orodhesha mifumo hiyo kwa kufuata ni upi utahitajika kwanza siku ya kuwasha, andika mbele ya kila mmoja umeme wake unatoka swichi ipi, na uende kwa miguu ukaitazame hiyo swichi ilipo na hali ya chumba chake. Ukimaliza iweke hapa, bila jina la mwenye mradi, tuipitie pamoja. Na mzee wetu wa Majengo naomba asikose, maana valvu zitakazofungwa kinyume cha mtiririko ataziona yeye kwanza.